Taa Mgongoni mwa Bondia

Yule mjane alikuwa amekalia benchi lile lile la jana, mkoba mapajani, macho makavu. Mumewe alikuwa ameshazikwa. Mtu aliyetuhumiwa kumuua mumewe alikuwa upande wa pili wa ukuta alioegemea, ndani ya selo, na mtu huyo alikuwa dereva wa ghala, kaka yake wa tumbo moja. Inspekta alimpita, akarudi, akasimama mbele yake.

"Umekula?"

"Nina mkate humu mkobani, afande. Nitakula naye akitoka."

"Na asipotoka leo?"

"Mume nimeshamzika. Kaka simziki."

Inspekta hakuwa mwanamke wa kuahidi. Askari waliokuwa chini yake walimwita Bibi Ushahidi na walidhani hajui. Alijua, na jina lilimkaa vizuri tu. Aliufungua mlango wa mkuu wa kituo bila kubisha, jambo ambalo mkuu alikuwa amechoka kulikemea.

"Kesho asubuhi dereva anapanda kizimbani," mkuu akasema kabla hajaulizwa. "Mauaji. Unataka nini tena? Waligombana uwanjani, ghala zima likasikia. Kesho yake Bondia anakutwa chini, kifua kimepondwa, na foko ya shemeji yake, ile ya kuinulia mizigo, imesimama pembeni yake, injini bado inanguruma."

"Na tunajuaje kwamba alikufa wakati huo, si kabla?"

"Kidude cha kazini alichovaa mgongoni kimesema. Alikuwa hai, anainama na kuinuka, mpaka dereva alipoingia na ile foko yake. Kila kitu kimo kwenye mashine."

"Hilo ndilo linaloniwasha, mkuu. Shahidi wetu mkubwa ni kidude."

"Kidude hakina shangazi wa kumtetea," mkuu akasema. "Wala hakihongwi."

"Nipe leo."

Mkuu alimtazama, akapima kama ana nguvu za ubishi asubuhi yote ile, akaona hana. "Leo tu. Jioni faili liwe mezani kwangu, liwe limeiva au bichi."

Dereva alikuwa mtu mrefu, na selo ilikuwa fupi, kwa hiyo alikaa chini. Viganja vyake bado vilikuwa na mafuta ya mashine kwenye mistari. Alimwamkia Inspekta kwa heshima, kisha akajifunga kama duka siku ya mapumziko.

"Mligombania nini na shemeji yako?"

"Mambo ya nyumbani."

"Dada yako anasema nyumbani hamna neno."

Dereva akageuzia uso ukutani.

"Haya. Nani alikutuma kwenye ile njia ya mwisho ya ghala?"

"Bwana Magoti. Ofisa wa usalama wa pale kazini. Kaniambia kuna paleti ya maboksi ya kutoa. Naingia, hata sijashuka, king'ora kinalia, namwona Bondia yuko chini. Nikaruka, nikamwinua kichwa." Akaviangalia viganja vyake. "Shingo ilikuwa imekaza, afande. Mtu aliyeanguka sasa hivi, shingo inakaza?"

"Ulimwambia nani hilo?"

"Kila aliyeniuliza. Wamesema nitasema lolote nijiokoe."

Njiani kwenda ghalani Inspekta alimpigia simu daktari aliyeuchunguza mwili. Daktari hakutaka kula kiapo. Ghala la bati, jua kali, joto lile linavuruga kila kipimo, alisema. Marehemu angeweza kufa mchana, na angeweza kufa wakati wa chai ya asubuhi. "Mimi si saa ya ukutani," akamalizia, akakata simu.

"Huyo naye," akaguna Koplo, aliyekuwa anaendesha. Koplo alikuwa mtu mzima mwenye tumbo, mvivu wa kila kitu isipokuwa kupiga picha. Mahali pa tukio alikuwa amepiga picha mpaka kufuli za madirisha.

"Tuna daktari asiyejua na mashine inayojua sana," Inspekta akasema. "Twende kwa mashine."

Ghala lilikuwa la marumaru. Maboksi yalipangwa kwenye rafu za chuma kutoka sakafuni hadi karibu na bati, njia ndefu baada ya njia ndefu, na vumbi jeupe la vigae vilivyovunjika liliingia puani kabla mtu hajasalimiwa. Mlangoni pa kupakilia palikuwa na skrini kubwa ukutani. Kando yake palibandikwa bango: mtu aliyepigwa picha kwa nyuma, amechuchumaa, mgongo umenyooka kama rula, anainua boksi, na katikati ya mabega yake taa ndogo ya kijani. Chini yake maneno manene: MAGOTI, SI MGONGO.

"Karibu, afande, karibu." Bwana Magoti alikuja na mkono umenyooshwa. Alivaa koti refu la kazi, limefungwa vifungo vyote hata katika joto lile, na viatu vinavyong'aa mahali ambapo hakuna kiatu kinachong'aa. Kabla hajaushika mkono wa Inspekta aligeuka akampigia kelele mpakizi aliyekuwa anapita na boksi: "Magoti, wewe! Magoti!" Kisha akatabasamu tena. Jina lake halikuhitaji maelezo.

"Nionyeshe kidude," Inspekta akasema.

Kilikuwa na ukubwa wa kibiriti. Kilikaa kwenye kimfuko cha wavu kilichoshonwa kwenye mkanda, na mkanda ulifungwa juu ya nguo, ili kidude kiangukie katikati ya mabega. Mpakizi akiinama kwa mgongo badala ya magoti, kidude kinamtetemesha na taa inageuka nyekundu.

"Wenyewe wanakiita Mama Mkwe," akasema Bwana Magoti. "Kwa sababu kinakusema hata ukiinama kuokota kalamu. Waache wacheke. Migongo ni yao."

"Na mtu akianguka?"

"Akilala chini bila kujitikisa, punde tu king'ora kinalia ghala zima. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa."

"Haikumsaidia Bondia."

"Ilimsaidia kupata haki yake." Uso wa Bwana Magoti ukawa wa msibani. "Bila kidude tusingejua aliyemgonga. Njoo uone."

Akabonyeza, na siku ya mwisho ya Bondia ikajitandaza kwenye skrini, mstari mmoja mrefu wenye vilima na mabonde. Siku ile Bondia alikuwa amepangwa peke yake njia ya mwisho, kuchambua maboksi yenye vigae vilivyovunjika, kwa hiyo hakuna aliyemwona tangu asubuhi. Hakuna aliyemtafuta pia, maana skrini ilisema yupo na anachapa kazi.

"Mstari ukishuka, mtu ameinamia mbele," Bwana Magoti akaeleza. "Ukipanda, ameegemea nyuma."

Inspekta alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Tangu asubuhi mpaka chai, mstari wa Bondia ulipanda tu. Vilima, vilima, vilima. Wakati wa chai uliruka ghafla mara moja, ukakatika kidogo, ukarudi. Baada ya hapo ulishuka tu. Mabonde mafupi, safi, yanayofanana, hadi mchana ulipolala kabisa.

"Hapa ulipokatika?"

"Alikivua kwenda chai. Hairuhusiwi, lakini watu ni watu."

"Na kwa nini baada ya chai mstari umebadilika?"

Bwana Magoti aliutazama mstari, na ilionekana wazi kwamba hajawahi kuutazama hivyo. "Mimi huangalia alama ya jumla, afande. Kijani au nyekundu. Lakini hili..." Akakunja uso, kisha ukakunjuka. "Nilimkemea asubuhi ile. Alikuwa na tabia ya kujipindisha. Baada ya chai, ona mwenyewe: mgongo umenyooka, hakuna kosa hata moja. Aliamua kunisikiliza. Inauma, siku aliyonisikiliza ndiyo aliyokufa."

Inspekta aliupiga picha mstari kwa simu yake, akashukuru, akaomba ruhusa ya kutembea. Hakusema kwamba mtu anayebeba maboksi asubuhi nzima huku ameegemea nyuma bado hajazaliwa.

Wapakizi walikuwa wanashusha lori. Alisimama kando ya nguzo, akawaangalia. Walikuja wakimtazama kwa pembe za macho, wakageuka na mizigo yao, wakaondoka. Akawaangalia migongo. Akaliangalia bango, akawaangalia tena.

"Wewe," akamwita aliyekuwa anaongea kuliko wote. "Jina?"

"Redio, afande. Mama alinipa jingine ila halisikiki humu."

"Redio, mbona taa zenu hazionekani mgongoni?"

"Betri, afande."

"Zote?"

"Zilinunuliwa siku moja, zikafa siku moja."

Wenzake walicheka, kisha wakaacha kwa pamoja, jinsi watu wanavyoacha kucheka wanapokumbuka kuna jambo la kuficha. Inspekta aliijua dalili ile. Alimshika Redio mkono wa shati akamvuta nyuma ya paleti ndefu.

"Mnanificha kitu."

"Afande, mimi nina watoto. Nikikisema humu, jioni sina kazi."

"Kesho dereva anapanda kizimbani kwa mauaji."

"Hiki na kile havihusiani kabisa. Ningejua vinahusiana ningekuwa nimeshasema. Yule dereva ni rafiki yangu."

"Labda havihusiani. Nionyeshe, nitaamua mwenyewe. Na sikuandiki."

Redio alichungulia kushoto na kulia. Kisha akageuka, akampa mgongo. Kidude kilikuwa kwenye kimfuko chake, mahali pake, ila uso wake uliangalia ndani. Taa yote ilikuwa inaangaza shati.

"Ukimgeuza Mama Mkwe akatazama ukuta, hasemi," akanong'ona. "Unainama mbele, yeye anadhani umeegemea nyuma, na kuegemea nyuma hakukatazwi. Zamani ukipata taa nyekundu nyingi, Jumamosi unaitwa darasani, unachuchumaa mbele ya bango kama mtoto wa chekechea. Sasa ghala lote ni kijani. Bwana Magoti kapewa na kikombe cha sifa makao makuu."

"Nani aligundua?"

Redio akashusha macho. "Bondia. Ila si kwa kutaka. Mkewe aliufua mkanda, akakirudisha kidude kimegeuka. Siku nzima mtu kabeba hajatetemeshwa. Sisi tukadhani kimekufa. Bondia akakiangalia, akacheka mpaka akakaa chini. Alitufundisha wote. Mtu mpole yule, afande, tulimwita Bondia kwa sababu hajawahi kumpiga hata mbu."

"Yeye mwenyewe alikuwa anakigeuza kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Siwezi kukumbuka lini niliiona taa yake."

Inspekta aliomba mkanda wa akiba, akaufunga juu ya sare yake mbele ya Koplo aliyekuwa anajifuta jasho. Akaweka kidude taa nje, akainamia boksi kwa mgongo. Kikamtetemesha mpaka akaruka. "Ala! Kweli mama mkwe." Akakigeuza, akainama vile vile. Kimya. Kwenye skrini, mstari wa kwanza ulishuka bondeni. Wa pili ulipanda kilima.

"Koplo. Picha zako za marehemu. Ile ya mgongo."

Koplo alizipangua kwenye kamera kwa fahari ya mtu ambaye hatimaye ameulizwa. Ilikuwapo. Bondia amelala kifudifudi kwenye vumbi jeupe, mkanda umefungwa juu ya nguo, na katikati ya mabega yake, wazi kabisa, taa nyekundu ikitazama nje.

"Nzuri, eh?" Koplo akasema. "Nililenga taa ile ile."

"Mungu akubariki na uvivu wako wote. Sasa sikiliza, uniambie nikikosea. Bondia anakivaa kimegeuka. Asubuhi mpaka chai, mstari unapanda: ni yeye. Wakati wa chai mstari unaruka, kama mtu aliyegongwa, kisha unakatika. Baada ya chai unashuka: kidude kimegeuzwa taa nje. Kuna mtu mwingine amekivaa, mtu anayekivaa kama bango linavyosema. Mchana kinakutwa kwenye mwili, taa bado nje."

Koplo alifikiri, midomo ikicheza. "Kwa hiyo alikufa wakati wa chai."

"Na shingo ilikuwa imekaza, kama dereva alivyosema."

"Lakini kwa nini mtu akivae? Si angekiacha tu palepale?"

"Angekiacha, king'ora kingelia. Mtu amelala hajitikisi. Watu wangetoka chai wakaja mbio na kumkuta. Ilibidi kidude kiendelee kuinama na kuinuka mpaka dereva atumwe pale. Aliyekivaa alibeba maboksi huko ndani, peke yake, ili skrini iseme Bondia yupo kazini."

"Dereva mwenyewe je? Hawezi kuwa yeye?"

"Dereva tangu chai alikuwa kwenye foko, mbele ya macho ya wapakizi wote. Foko haiinami."

Koplo akarudisha kamera begani polepole. Hakuuliza nani. Wote wawili walikuwa wanalitazama koti refu lililofungwa vifungo vyote, kule mlangoni.

"Haitoshi," Inspekta akasema. "Ataapa kwamba Bondia alikigeuza mwenyewe. Piga simu kituoni. Dereva aulizwe swali moja tu: wakati wa chai, ufunguo wa foko ulikuwa wapi?"

Koplo alipiga, akangoja, akasikiliza muda mrefu. Alipozima simu sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ameangua kilio. Ufunguo aliuacha kwenye foko. Huwa anauacha, kwa sababu Bwana Magoti humwambia auache, akihitaji kusogeza kitu asogeze. Ndiyo waliyogombania. Bondia alimwambia hiyo foko si baiskeli ya kuazimana, siku moja itaua mtu. Anasema alinyamaza kwa sababu anaona ni yeye aliyemuua shemeji yake, hata kama si kwa mkono wake."

"Waite wapakizi wote," Inspekta akasema. "Mlangoni, mbele ya skrini. Na mwambie bwana mkubwa naomba somo."

Walikusanyika, wamekunja mikono. Bwana Magoti alifurahi, au alijua kuonekana amefurahi. Inspekta alimwambia kwamba kesho atasimama mahakamani kueleza kidude, na yeye hana elimu hiyo. Je, mwalimu angevaa, ainue boksi moja, Koplo apige picha?

"Kwa moyo mmoja." Akavua koti, akalikunja vizuri upande upande, akafunga mkanda. Taa nje. Hakuitazama hata mara moja. Vidole vyake vilijua kukigeuza vyenyewe. Akasogea kwenye boksi, goti la kushoto likatangulia, mgongo ukanyooka, akainuka nalo limemkaa kifuani. Mama Mkwe hakusema neno.

"Tena, tafadhali."

Akarudia, na akarudia, na kila mara ilikuwa ile ile, mpaka mtu angedhani bango limeshuka ukutani. Mmoja wa wapakizi akakohoa. Inspekta akageukia skrini. Alikuwa amemwomba Redio, ambaye mikono yake ilikuwa myepesi kwenye vitufe kuliko alivyokubali, auweke mstari wa Bondia baada ya chai juu, na mstari wa sasa chini. Mabonde mafupi, safi, yanayofanana. Juu na chini hakuna mtu angeweza kusema upi ni upi.

"Yule wa kwenye bango ni nani?" Inspekta akauliza.

Redio akasema, "Ni yeye, afande. Hakuna mpakizi aliyekubali kuchuchumaa vile mbele ya kamera."

"Ni mazoezi," akasema Bwana Magoti. Alikuwa bado amelishika boksi. "Nimewafundisha. Bondia alinisikiliza, nimekwambia."

"Wapakizi. Geukeni."

Walisita. Waliangaliana. Kisha mmoja akageuka, akafuata mwingine, mpaka ukuta mzima wa migongo ukamkabili mtu aliyewafundisha. Mikanda ilikuwa imefungwa sawasawa. Hapakuwa na taa hata moja.

Bwana Magoti aliangalia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikuwa wa kweli. "Hivi... tangu lini?"

"Tangu Bondia alipowafundisha," Inspekta akasema. "Siku aliyokufa kidude chake kilitazama ndani, kama siku zote. Mchana kikakutwa kinatazama nje. Humu ndani kuna mtu mmoja tu anayekivaa hivyo, na anayebeba hivyo. Mtu huyo koti lake ni refu, linafunika mkanda vizuri."

Bwana Magoti akaliweka boksi chini. Alikunja magoti. Mgongo ulibaki umenyooka. Wapakizi walikuwa wamegeuka tena, na safari hii hakuna aliyemcheka.

"Lori lilikuwa linasubiri," akasema, akizungumza na boksi. "Dereva yuko chai, watu wote wako chai. Nikasema paleti moja tu. Nikairudisha foko nyuma. Sikujua amebaki humu."

"Huna leseni ya foko."

"Mimi ndiye ninayewaandikia wengine maonyo wasiiguse." Akajaribu kucheka, ikashindikana. "Nani angenielewa? Mimi?"

"Ukamwita dereva aje asimame badala yako."

"Yeye ndiye aliyeacha ufunguo."

Inspekta alizizuia hasira zake, kwa sababu lilikuwa limebaki swali moja na alitaka jibu lake likiwa safi. Alisogea karibu naye.

"Kile kidude kingepiga king'ora. Watu walikuwa hapo nje tu, na vikombe mikononi. Ulipokuwa unamvua, Bondia alikuwa anapumua?"

Nje lori liliungurumisha injini, likaacha.

"Alinishika mkono," Bwana Magoti akasema.

Redio, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akatoka nje. Koplo akazitoa pingu bila kuambiwa. Inspekta akampa amri ya kumpakia garini, na amri hiyo ikatoka kwa sauti ya kawaida kabisa. Mikono yake tu ndiyo aliyoiweka mifukoni.

Faili lilifika mezani kwa mkuu kabla jua halijazama. Mkuu alilisoma akiwa amesimama, akasema, "Kumbe kidude kilikuwa na shangazi," akatia saini ya kumwachia dereva. Inspekta hakungoja pongezi. Alitoka akaketi kwenye benchi, kando ya yule mjane, akamwambia.

Mjane alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akasema neno ambalo inaonekana alikuwa amekaa nalo tangu msiba.

"Mkanda nilifua mimi. Kidude nilikirudisha vibaya mimi, akaniambia niache hivyo hivyo. Nimekuwa nikijiuliza, afande. Kama kilikuwa cha kumwokoa, si mimi niliyekiharibu?"

"Mtu akianguka, kingelia hata kikiwa kimegeuka. Hakikulia kwa sababu kilivuliwa. Na tumejua kilivuliwa kwa sababu wewe ulikigeuza. Bila mkono wako, kaka yako angekuwa mahakamani kesho."

Mjane akaitikia kwa kichwa polepole, akiyapokea maneno hayo. "Alikufa peke yake?"

Inspekta angeweza kusema uongo mdogo, na hakuna ambaye angemlaumu. "Hapana," akasema. "Kulikuwa na mtu. Mumeo alimshika mkono."

"Na huyo mtu?"

"Akautoa."

Hapo ndipo macho yaliyokuwa makavu siku zote zile yalipojaa. Alilia bila sauti, ameshikilia mkoba kwa mikono miwili, na Inspekta akabaki palepale, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kufanya na kuondoka kungekuwa aibu.

Mlango wa selo ukafunguliwa. Dereva akatokea, ameinama chini ya fremu ya mlango, viatu visivyo na kamba mkononi. Alipomwona dada yake alisimama mbali, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa kukaribia.

"Dada," akasema. "Ufunguo niliuacha mimi. Aliniambia nisiuache. Jana yake tu aliniambia."

Mjane akajifuta uso kwa kiganja. Akafungua mkoba, akautoa ule mkate, akaukata katikati, akamnyooshea kipande kikubwa.

"Kula kwanza," akasema. "Hayo utanieleza nyumbani, yote, hata nikilia usiache."